Shajara ya sabuni ya maji: ndoo sita, madaftari 58 na dumu moja la aibu

Shajara ya somo naijaza kila siku kwa sababu wathibiti ubora wanaweza kutokea saa yoyote. Hii najaza kwa hiari yangu. Watu watatu wameshaniomba resipi ya sabuni ya maji na nimegundua siwezi kuwapa resipi bila kuwaambia na yaliyonikuta, maana ile inayozunguka kwenye magrupu ndiyo iliyonifikisha huku. Mi ni mwalimu wa msingi, mwaka wangu wa tatu kazini, nafundisha kijijini nusu saa kwa hiace kutoka Makambako. Jumapili naimba kwaya sauti ya pili na zamu yangu ikifika nashika Sunday school. Mama yuko Makambako mjini, mama lishe karibu na stendi.

Jumamosi, 8 Machi 2025

Sababu ya kuanza ni tatu na zote ni hela. Mama anatumia sabuni nyingi sana kwenye masufuria ya makande na wali, mdogo wangu yuko chuo Mbeya na amesema kuna hela ya field inatakiwa, na shuleni vibuyu chirizi vyetu vya kunawia mikono kule chooni vina maji ila sabuni hamna, kipande kikiwekwa asubuhi mpaka saa nne kimeshaondoka. Walimu wenzangu wawili wamechukua ile mikopo ya kausha damu, ya riba kubwa, wameacha na kadi za benki huko huko, mi nikasema ngoja kwanza nijaribu kitu cha mikono.

Manunuzi ya leo mjini: salfonik kilo moja 6,000, SLES (ya kuongeza povu) nusu kilo 3,500, soda ash (unga wa kabonati, ndugu ya magadi) robo 700, chumvi ya mawe kilo moja 800, glisarini 2,000, pafyumu 3,000, rangi ya kijani 500, madumu matupu ya lita 5 manne 2,000, nauli kwenda na kurudi 4,000. Jumla 22,500. Muuzaji kaniuliza nimesomea wapi, nikamwambia YouTube, akacheka akaniongezea glovsi pea moja bure. Zile glovsi zimeniokoa kuliko kitu chochote, salfonik ni tindikali nzito rangi ya asali chafu na ikikugusa unaanza kuwashwa hapo hapo.

Jumapili, 9 Machi, usiku

Nimerudi kanisani nikala nikaanza. Resipi ilisema mimina salfonik kwenye ndoo, weka maji kidogo, koroga, kisha weka soda ash. Haikusema uweke vipi. Mi nikamwaga yote robo kilo kwa mkupuo, unga mkavu, kwenye ndoo ya lita 20, ndani, chumba hiki hiki ninacholala na kusahihishia.

Basi bwana. Ikanyamaza kama sekunde tatu afu ikaanza kupanda. Mi ni mwalimu wa Sayansi, najua kabisa kwamba asidi ikikutana na kabonati inatoa kabonidayoksaidi, nimeiandika ubaoni kwa mkono wangu, lakini kuijua ubaoni na kuiona inakufuata kitandani ni vitu viwili. Povu likafika mdomoni mwa ndoo, likamwagika, likatembea sakafuni taratibu kabisa mpaka kwenye rundo la madaftari ya darasa la tano, 58, nilikuwa nimeyapanga chini kwa sababu meza ilikuwa na ndoo. Nikawa nachota povu kwa sahani namwaga nje dirishani. Jirani, mwalimu mwenzangu wa kiume, akauliza kuna nini, nikasema nafua.

Madaftari ya chini kama ishirini hivi yalilowa. Peni nyekundu ikasambaa, vema zote zimekuwa maua. Nimeyaanika kwenye kamba ya nguo na mengine kwenye viti, na kesho asubuhi paredi mi ndo mwalimu wa zamu.

Marekebisho, na hili naomba ulishike: soda ash iloweke kwenye maji lita 2 tangu usiku wa jana yake, ipoe (ikiyeyuka inatoa joto). Halafu unaiingiza kwenye salfonik iliyokwisha kuchanganywa na maji, kikombe kimoja, unakoroga, unasubiri povu lishuke, kikombe kingine. Na ifanyike nje. Ndoo iwe kubwa mara mbili ya sabuni unayotaka, usibane.

Kilichobaki nikamalizia hivyo hivyo, SLES, maji, chumvi, pafyumu. Rangi niliisahau kwenye mfuko kwa ajili ya ile vurugu. Wanasema ukoroge upande mmoja tu usije ukaiharibu. Mi nimekoroga pande zote kwa hasira na haijatokea kitu, ila ukikoroga kwa fujo unajaza mapovu na utasubiri mpaka kesho yatulie.

Asubuhi yake ikawa nzito, inang'aa, inanukia. Nilifurahi kijinga.

Jumamosi, 15 Machi

Dumu tatu nilimpelekea mama Jumatatu jioni kwa konda. Leo nimeenda. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikaona ananisalimia mikono iko nyuma. Nikamwambia mama lete mikono. Akasita, afu akaitoa. Ngozi katikati ya vidole imetoka, vidole vyekundu, pembeni ya kucha pamepasuka, na amepaka mafuta ya mgando mengi yanang'aa. Na hakuwa analalamika hata, alivyoona namwangalia akasema, "Masizi inatoa mwanangu, we acha, sufuria zimekuwa kama mpya. Ila inakula mikono."

Siku tano anaoshea sahani za wateja na sabuni ya mwanae na hajanipigia simu kusema, ili nisivunjike moyo. Nilikaa pale kwenye benchi la wateja nikashindwa hata kula. Nimwage lililobaki, dumu moja na nusu? Hapana, mama alikataa, akasema sabuni haimwagwi, tafuta kilichozidi upunguze. Na hapo hapo akaniuliza lini namletea mgeni, mchumba, maana na kanisani wameshaanza kumuuliza. Mama akikuonea huruma anakubadilishia mada hivo.

Nimenunua limao 6 kwa 600, usiku nimekamua zote kwenye ndoo kwa wazo kwamba kama ni kali kwa upande wa soda basi asidi ya limao itaituliza. Nimeosha mikono, bado inateleza ule utelezi wa magadi na baada ya muda inawasha. Limao sita kwenye ndoo ni kama kutia chumvi ziwani.

Alhamisi, 20 Machi

Karatasi za litmasi za kupimia asidi na magadi shuleni ziliisha zamani. Ila kuna choya, yale maua mekundu ya juisi. Choya kavu za 500 sokoni, nikachemsha, nikapata maji mekundu ya kukolea, nikayabeba darasa la sita kipindi cha Sayansi. Glasi nne mezani. Ya limao ikawa nyekundu kali. Ya maji ya bomba ikakaa zambarau hafifu. Ya magadi ikawa kijani. Nikamwita mtoto mmoja wa dawati la nyuma, yule asiyeongea, nikampa kijiko cha choya aweke kwenye glasi ya sabuni yangu, hapa ndipo ile rangi niliyosahau ilipogeuka kuwa baraka kwa sababu sabuni ilikuwa nyeupe. Ikageuka kijani mbele ya darasa zima. Akaniangalia akasema, "Mwalimu, sabuni yako ni magadi."

Darasa likacheka mpaka mwalimu mkuu akapita dirishani. Nilicheka na mimi. Kile ndicho kipindi kizuri zaidi nilichofundisha mwaka huu na hakimo kwenye andalio la somo.

Jioni nikampigia rafiki yangu anayefundisha kemia sekondari. Hakuchukua dakika tano: kilo 1 ya salfonik inahitaji soda ash kama gramu 160 tu kuimaliza asidi yake. Resipi ya grupu inasema robo kilo, yaani 250. Zile 90 za ziada ndizo zilizokuwa zinakula mikono ya mama. Na kuna resipi nyingine nimeona zinasema nusu kilo! Akaniambia sasa usihangaike na limao, kwa sabuni iliyobaki ongeza salfonik, kama robo hivi au zaidi kidogo, kidogo kidogo huku unapima.

Salfonik nusu kilo 3,000, konda 1,000. Nimeichanganya na maji kwanza, nikawa naongeza kikombe, nachota sabuni kwenye kisahani, tone la choya. Kijani. Kikombe. Kijani. Kikombe. Kijivu cha ajabu. Kikombe. Zambarau. Nikaacha hapo. Imetumika kama gramu 280. Kwa hiyo limao 600, salfonik 3,000, konda 1,000, kosa la soda ash limenigharimu 4,600 na ngozi ya mama.

Nimenunua na mzani mdogo wa jikoni wa betri, 18,000. Umeniuma kwelikweli, ila "robo" ya muuza duka na robo ya mzani nimezipima, hazifanani.

Jumapili, 6 Aprili

Naandika hii nikiwa nimejifungia.

Kwaresma hii usharika unachangia bati za jengo la Sunday school na kila Jumapili baada ya ibada kuna mnada pale nje. Watu wanaleta kuku, viazi, mahindi, parachichi, ukiwa huna shamba unaleta ulichonacho. Mi nikasema nitaleta sabuni, dumu moja, na hii ndoo ya pili soda ash nilipima gramu 165 na choya ikasema zambarau, mama ameitumia wiki nzima mikono haina kitu. Nilikuwa najiamini mno.

Shida ni kwamba ile ndoo ya mama ilikuwa nzito na mama akachukua dumu tatu. Za mnada ilibidi nitengeneze nyingine Jumamosi, na Jumamosi kulikuwa na mazoezi ya kwaya mpaka saa mbili usiku kwa ajili ya nyimbo za Pasaka, ukikosa faini 500. Nimerudi umeme umekatika. Nikakoroga kwa tochi ya simu. Ilikuwa nyepesi, nikaongeza chumvi, ikawa nzito, nikaona bado haijafika ile ya mwanzo, nikaongeza tena, ikazidi, nikasema kidogo tena iwe kama uji. Ikaanza kulegea. Nikadhani ni chumvi haijatosha. Nikaongeza. Ikalegea zaidi. Chumvi yote kilo moja ikaisha nikalala nikiamini asubuhi itakuwa imejipanga.

Asubuhi nimechelewa, nimejaza dumu, nimeweka rangi ya kijani, nimekimbia.

Mnadani ilianzia 3,000. Walimu wenzangu wakapandisha, akina mama wa jikoni wakapandisha, na mzee mmoja wa kanisa akasema 12,000 kwa ajili ya mwalimu wetu. Makofi. Akaliweka dumu kwapani akaanza kuondoka, na kila hatua dumu linalia. Chwa. Chwa. Chwa. Sabuni nzito hailii, inabembea tu. Akasimama. Akalitikisa mbele ya watu, siyo kwa ubaya, yaani mtu anavyotikisa dafu. Akasema, "Mwalimu, hii mbona inalia kama maji?"

Nilitamani hilo povu la Machi lirudi linimeze.

Nikamwambia baba naomba unirudishie nitakuletea nyingine. Akakataa, akasema alichotoa ametoa kwa Bwana, ila sabuni nyingine ataipokea. Mwalimu wa kwaya njia nzima anaimba chwa chwa kwa sauti ya tatu.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nimefanya ambacho ningefanya mwanzo. Nimetengeneza sabuni lita 1 bila chumvi kabisa, nimegawa kwenye glasi tano, nimeyeyusha chumvi pembeni na kuweka glasi ya kwanza kidogo, ya pili mara mbili yake, hivyo hivyo mpaka ya tano. Ya kwanza nyepesi. Ya pili afadhali. Ya tatu nzito, kijiko kinasimama sekunde. Ya nne imelegea. Ya tano maji, kabisa, na imeingia ukungu.

Kwa hiyo chumvi inapandisha uzito mpaka mahali, ukipita hapo inashusha, na ukiendelea ndo unazidi kuharibu. Kwenye resipi zote nilizonazo hakuna hata moja iliyosema hilo, zote zimeandika "chumvi hadi iwe nzito". Kwa vipimo vyangu, lita 20 inakaa vizuri kwenye gramu 350 mpaka 400. Iyeyushe kwanza, ingiza kwa awamu, na ukiona tu uzito umeacha kupanda, weka kijiko chini.

Ile iliyozidi chumvi, lita 15, usimwage. Nimetengeneza ndoo mpya bila chumvi hata punje, nimeichanganya na ile mbovu, kidogo kidogo, mpaka ikashika. Imerudi nzuri kabisa. Hasara ni pafyumu tu na usingizi.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Mzee amepata dumu lake. Alilitikisa tena pale pale kwenye ngazi, kimya, akanipa mkono. Kwaya tuliimba vizuri, sauti ya kwanza walipanda juu mno lakini ndo zao. Akina mama wa jikoni la usharika wameagiza dumu mbili, 6,500 kila moja, taslimu.

Jumamosi, 10 Mei

Ya shule. Nilimfuata mwalimu mkuu nikiwa na hesabu nimeiandika vizuri kabisa kwamba shule inunue kwangu dumu nne kwa mwezi. Akaisoma yote, akanirudishia. "Mwalimu, nanunuaje kwa mwalimu wangu mwenyewe? Na manunuzi yote siku hizi yanapita kwenye mfumo wa serikali wa mtandaoni, NeST." Nilichukia siku mbili halafu nikaona ana haki, kesho angekuja mwingine na mkaa wake. Na hela yenyewe unaijua, fedha za uendeshaji ni 10,000 kwa mtoto kwa mwaka na 4,000 ya hapo inabaki juu kwa ajili ya vitabu, inayofika shule inagombewa na chaki, mitihani na kitasa cha ofisi.

Tulichokubaliana: malighafi nanunua mimi, kutengeneza tunatengeneza na klabu ya sayansi Ijumaa baada ya vipindi, salfonik naishika mimi peke yangu, wao wanapima, wanakoroga na kupima choya. Katika kila ndoo lita 5 zinaenda vibuyu chirizi bure, zilizobaki ni zangu. Kule chooni tunaipunguza kwa maji sehemu moja kwa tano na kuiweka kwenye chupa yenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari, chupa tumeifunga kwa kamba kwenye nguzo. Imekaa wiki tatu haijaibiwa. Kamba imeibiwa mara moja.

Kosa la mwezi huu ni dogo: chupa ya chooni ilianza kunuka kama maji ya maua yaliyokaa. Ilikuwa ile tuliyoipunguza kwa maji ya mtoni hivi hivi. Watu wanaweka fomalini kuzuia. Mi kwa watoto nimesita, nachemsha maji, na tunapunguza ya kutosha wiki moja tu.

Na hapa kwa anayetaka kuuza dukani siyo kwa jirani: utahitaji alama ya TBS (shirika la viwango), na wajasiriamali wadogo wanaanzia SIDO (shirika la viwanda vidogo) kuchukua barua ya utambulisho. Mi sijafika huko, nauza kwa wanaonijua nyumbani.

Jumamosi, 28 Juni

Likizo. Nipo kwa mama, asubuhi naosha vyombo mimi.

Hesabu mpaka leo, ndoo sita. Malighafi na nauli 96,000, mzani 18,000, kurekebisha kosa la soda ash 4,600, vikorokoro 2,800. Jumla 121,400. Nimeuza dumu 17, 110,500. Kwa hiyo nipo chini kwa 10,900 na hapo mama, kanisa na shule wametumia bure. Mdogo wangu hela ya field nilitoa kwenye mshahara. Hakuna aliyeshangaa.

Kipimo ninachosimamia sasa kwa lita 20: salfonik kilo 1, soda ash gramu 165 iliyolowekwa usiku, SLES nusu kilo, chumvi gramu 350 kwanza halafu uone, glisarini vijiko vinne, pafyumu na rangi mwisho kabisa baada ya choya.

Ila kuna jipya. Huku baridi imeingia, asubuhi upepo wa Makambako unakata masikio, na madumu matatu niliyoleta juzi yamepauka, sabuni imekuwa nyeupe kama maji ya mchele na chini imeshikana. Nilishtuka nikajua nimezidisha kitu. Nikapima choya, zambarau. Nikachukua glasi moja nikaiweka jikoni karibu na moto wa mama, ndani ya dakika kumi ikawa angavu tena. Ni baridi tu, na nadhani chumvi 400 niliyoweka ndoo hii inachangia, kwa hiyo ndoo ijayo naishusha mpaka 300 nione kama itavumilia Julai.

Kwa sasa madumu yote matatu nimeyatoa nje yanaota jua ukutani, na mteja wa kwanza wa mama ameshayauliza kama ni togwa.